Jino la Juu

"Masikio mnayo?"

"Tunayo."

"Yasogezeni basi."

"Tumesogeza."

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa tatu kasorobo asubuhi, Nyamvula alikuwa akimwogesha mwanawe Mwero, mtoto wa miezi minane na siku nne. Akapitisha kidole kwenye ufizi. Kikakwaruzwa. Akarudia, kikakwaruzwa. Akarudia mara ya tatu, akamfungua mdomo akatazama. Jino lilikuwa limetoka, na lilikuwa limetoka juu.

Katika kijiji kile mtoto aliyeanza kuota jino la juu aliitwa kigego. Walisema kigego huua ukoo mzima. Walimpeleka ukingoni mwa msitu, wakamlaza chini, wakarudi bila kugeuka nyuma. Na Fisi, aliyewala waliolazwa huko, alikuwa na adabu zake. Hakuchukua mtoto kabla ya kupewa. Alikuja kuuliza tu.

Saa nne akasimama nje ya ua.

"Hodi, mama mtoto. Shingo?"

"Ilikaza mwezi wa tatu."

"Kukaa?"

"Alikaa mwezi wa sita."

"Jino?"

"Bado."

Fisi akaenda zake. Saa nane akarudi.

"Hodi, mama mtoto. Shingo?"

"Imekaza."

"Kukaa?"

"Anakaa."

"Jino?"

"Bado, nimekwambia."

"Mbona umemfunika kanga usoni?"

"Ana mafua."

"Pole yake," akasema Fisi, akameza mate.

Mwero alikuwa mtoto wa kusema ba-ba-ba kutwa. Siku hiyo kila alipofungua mdomo, mama alimtia titi. Kila alipotaka kucheka, mama alinuna. Kufika alasiri mtoto alikuwa kimya kabisa, anamtazama mama yake kama anavyotazama mgeni. Nyamvula akaogopa kuliko alivyomwogopa Fisi.

Saa kumi na moja, mara ya tatu.

"Hodi, mama mtoto. Mchekeshe nimwone."

"Amelala."

"Mbona macho yake yako wazi hapo juu ya kanga?"

"Hulala hivyo hivyo."

"Haya. Kesho nitawauliza wanawake kisimani."

Kumbe Mejumaa, mama mkwe wa Nyamvula, alikuwa nyuma ya mlango. Akaingia, akafunua kanga, akatazama. Nyamvula akapiga magoti.

"Mama, usiseme."

"Niseme nini? Mumeo Chengo naye alianza juu. Nilimficha wiki tatu, mpaka la chini likatoka. Tangu hapo kila msiba ukitokea najiuliza kama ni yeye."

"Na huwa ni yeye?"

Mejumaa akafikiri. "Hufa wazee na wagonjwa. Kama kwa jirani tu."

Asubuhi yake Nyamvula alikwenda kisimani na mama mkwe, Mwero akiwa mgongoni. Fisi alikuwa kichakani, anangoja. Nyamvula akamfunua Mwero, akampuliza tumboni mbele ya wanawake wote. Mtoto akacheka, jino likaonekana.

"Kigego," mmoja akanong'ona, akarudi nyuma.

"Ndiyo," akasema Nyamvula. "Na baba yake Chengo ni kigego, muulizeni aliyemzaa, huyu hapa. Kisima hiki kakichimba Chengo. Anayemwogopa mwanangu amwage maji yake kwanza."

Wakatazama mitungi yao. Mto ulikuwa mbali. Hakuna aliyemwaga. Fisi hakupewa mtu, akaenda zake.

Yangu yamekoma hapo. Jino hutoka linapopata njia. Ubaya tunalitwika sisi. Na msinichungulie mdomoni, meno yangu yalianza wapi mama hakuniambia.