Kanga wa Ukutani

Hapo zamani, ukungu ulipokuwa mwingi wa kugawana nyumba kwa nyumba kule milima ya Upare, alikuwapo mpika pombe mmoja, jina lake Nakijwa. Alikuwa na wajukuu sita na mvi za kutosha. Mama yake, Bibi Namkunda, ndiye aliyezichora kuta zote za kijijini, mpaka uzee ukamtia mtetemeko mikononi, akaacha.

Asubuhi moja Nakijwa alimpelekea mama yake uji. Akamkuta amechovya kidole kwenye masizi, anamchora kanga, yule ndege wa madoadoa, kwenye ukuta wa jikoni.

"Mama, si uliacha?"

"Mikono ndiyo iliyoacha. Mimi sijaacha."

Neno hilo likamwingia Nakijwa. Naye akachovya kidole, akachora kanga wake. Bibi akamtazama, akacheka akishika mbavu. "Mwanangu, huyu ni kanga, au kibuyu kimeota miguu?"

Wakacheka wote. Lakini kesho yake Nakijwa alirudi, akachora. Kesho kutwa akarudi, akachora. Watu wakasema, "Ajuza kajiingiza kwenye mchezo wa watoto!" Akachora tu. Mumewe, Mbonea, akashika mwiko akapika yeye. Ugali ukaungua, wakaula hivyo hivyo. Mwaka ukapita, vibuyu vikaota shingo, vikaota mbawa.

Ndipo Mfumwa, mtawala wa milima ile, alipojenga baraza jipya. Akatangaza kwamba atakayeupamba ukuta wake vizuri kuliko wote atapewa kiti cha mninga, aketi barazani, na neno lake lisikilizwe maisha yake yote.

Nakijwa akachora kanga kwenye ukuta ule siku tatu. Siku ya nne, rangi ingali mbichi, mvua ikashuka. Mbonea akavua blanketi lake, akalitandaza mbele ya mchoro, akasimama kutwa nzima mvua ikimpiga mgongoni.

Mvua ilipokatika, Nakijwa akamtazama kanga wake, moyo ukamshuka. Shingo ipo, mbawa zipo, lakini ndege amekufa wima! Akamwita mama yake. Bibi akachovya kijiti kwenye chokaa, akaanza kutia madoa. Mkono ukatetemeka, madoa yakatetemeka, manyoya yakawa kama yanapeperushwa na upepo. Jogoo wa Mfumwa akamwona, akaruka, akamdonoa kanga ukutani!

Baraza zima likaangua kicheko. Mfumwa akafuta machozi. "Kiti kimepata mwenyewe. Haya, ndege huyu ni wa nani?"

"Wangu," akasema Bibi Namkunda. "Mwanangu alichora mwili, roho nimeitia mimi. Hata huo mkono wake nimeufundisha mimi."

Nakijwa aliona haya kumpinga mzazi wake, lakini akakumbuka mwaka mzima wa kuchekwa. "Mama, nakuheshimu. Ila bila mwili wangu, madoa yako yangekaa wapi? Nimeanza na mvi zangu, sikukata tamaa."

Mbonea akapiga chafya. "Mama mkwe, niwie radhi. Nawe mke wangu, niwie radhi. Bila mgongo wangu, jogoo angedonoa tope. Na ugali ule nani aliupika?"

Mfumwa akakuna kichwa. Kiti ni kimoja, cha kukalia mtu mmoja. Wale watatu wakatazamana, wakacheka, lakini hakuna aliyerudi nyuma hata hatua.

Haya, ninyi mliotega masikio, amueni: je, nani alistahili kukikalia?