Dira Ndefu ya Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama mmetoka kikaoni? Kwa nguvu: paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa bwawa, na jua likalinywa. Likanywa leo, likanywa kesho, mpaka Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, akawakuta wanawe watatu wanalamba tope.

"Mama, kiu!"

Roho ikamuuma. Akaenda kwa Kiboko, mkuu wa bwawa. "Mkuu, tuhame. Kule juu jabalini kwangu nauona mto, uko ng'ambo ya kilima."

"Hatuhami ovyo," akasema Kiboko akitafuna. Tafu, tafu, tafu. "Kwanza dira."

Akaitisha kikao, akaisoma: "Sisi viumbe wenye nia, kwa umoja wetu na ushirikishwaji wetu, tukizingatia yaliyopita na kuyatazamia yajayo, tutajielekeza katika kuuelekea mwelekeo..." Ikaendelea mpaka Ngiri akaota ndoto mbili. Kisha kila mmoja airudie. Atakayekosea, faini: mzigo wa majani kwa mkuu.

Swala akakosea. Mzigo. Ngiri akakosea. Mzigo. Kobe alifika nusu, akasinzia. Mzigo. Kiboko naye: tafu, tafu, tafu. Kesho yake kikao tena, na dira imeongezwa maneno. Mzigo, mzigo, mzigo. Bwawa likabaki dimbwi, na Kiboko kalikalia.

Pimbi akawaza: huyu masikio yake yako tumboni. Basi nitasema na tumbo.

"Mkuu," akasema kwa adabu zote, "dira nzuri hivi inasomewa shimoni? Panda jabalini kwangu, nchi nzima ikusikie. Wengi zaidi watakosea."

Kiboko akaona faini hizo, mate yakamtoka. Akapanda. Puu! Puu! Puu! Wanyama wote nyuma wanamsukuma matako. Kufika juu, akakohoa: "Sisi viumbe wenye nia, kwa umoja wetu na..."

Akakodoa macho. Ng'ambo ya kilima mto unameta, na kingo zake ni kijani kitupu.

"Kile nini?"

"Hakimo kwenye dira, Mkuu. Endelea. 'Na ushirikishwaji...'"

"Yale ni majani?"

"Hayamo kwenye dira, Mkuu."

"Majani!" akanguruma Kiboko, akateremka mbio. Gudu, gudu, gudu!

"Majani!" wakaitikia wanyama wote, hata Kobe, na hakuna aliyekosea. Wakamfuata mpaka mtoni. Watoto wa Pimbi wakanywa, matumbo yakawa ngoma.

Kiboko alipotia mguu majini, wakaibuka viboko saba, mmoja mkubwa kuliko mwenzake.

"Nani wewe?"

"Mkuu."

"Karibu. Hapa nasi tuna dira. Ukikosea, mzigo wa majani. Sema: Ukishiba, pisha."

"Ukishiba..." akasema Kiboko. "Ukishiba... uki... ukishiba..."

Neno la pili likamkwama kooni. Akaenda kukata majani, wa kwanza kuyala wakawa watoto wa Pimbi.

Funzo, wanangu: mkitaka kubadili mambo, andikeni dira ndefu, itisheni vikao vingi, na mkuu ashibe kwanza.

Hadithi yangu imevuka mto, mimi nimebaki huku. Anayebishia funzo langu asimame airudie dira ya Kiboko tangu mwanzo. Akikosea, mzigo wa majani. Nyumbani nina mbuzi wawili.