Mama Apandaye Mamba

Mtu mmoja alikuwa na hofu kubwa kuliko mali yake, na mali yake haikuwa haba. Aliitwa Vithaldas. Babu zake walitoka Gujarati, lakini yeye alizaliwa katika mji mdogo wa Usukuma, kando ya mto uingiao ziwani, na hapo alikuwa na jineri ya kuchambua pamba. Uwanja wa jineri ulikuwa juu ya kilima. Wafanyakazi waliishi bondeni.

Hofu yake haikuwa na jina moja. Leo aliogopa wezi, kesho moto, keshokutwa kijicho cha watu. Alizungusha ukuta, akaongeza ukuta ule kimo, akapanda vigae vya chupa juu yake. Alikula amesimama, sikio lake likiwa langoni. Akishafunga kufuli aliondoka hatua chache, kisha akarudi kulitikisa, maana moyo ulimwambia halikushika. Mlinzi wake, Masalu, alizoea kumwona akija na kwenda kama kuku atakaye kutaga.

Vithaldas alimwabudu Mama Khodiyar, mungu wa kike aliyekuwa mlinzi wa ukoo wake tangu zamani. Wasimuliao habari za Mama husema kwamba kaka yake aliumwa na nyoka, naye akashuka hadi kuzimu kumtafutia maji ya uzima. Njiani aliumia mguu. Hakurudi nyuma, alipanda mgongo wa mamba, akaja nayo maji yale, kaka akapona. Ndiyo maana huchongwa ana mkuki wa ncha tatu mkononi na mamba chini yake.

Vithaldas aliagiza sanamu ya Mama, ya mawe meupe, akaijengea kihekalu ndani ya uwanja. Kila Jumanne alimwekea lapsi, ngano iliyopondwa ikapikwa kwa samli na sukari guru. Uso wa Mama ulimtuliza kidogo. Mamba hakumtuliza hata kidogo. Mto ule ulikuwa na mamba wa kweli. Aliwajua watu waliochukuliwa. Basi akamfunika yule wa jiwe kwa kitambaa chekundu, na dada yake mkubwa, Kankuben, alipouliza sababu, alisema ni kwa ajili ya heshima.

Kankuben alikuwa mjane, aliishi naye.

Mwaka mmoja masika yalikuja kwa hasira. Asubuhi moja mto ulipasua kingo, maji ya rangi ya ugoro yakaanza kupanda bondeni. Masalu alimwendea mwajiri wake akamwomba ruhusa akamtoe mkewe, Nyanzobe, na mtoto wao, na mama mkwe aliyekuwa mgonjwa.

"Nani atalinda lango?" Vithaldas akauliza.

Masalu aliuegemeza mkuki wake ukutani, taratibu, akatoka. Vithaldas akafunga nyuma yake, akatikisa kufuli, akatikisa tena.

Haukupita muda watu wakaanza kupanda kilima. Kwanza sauti zao, kisha viganja vyao juu ya bati la lango. Walibeba watoto na mbuzi na masufuria. "Bwana, tufungulie! Maji yanakuja!" Vithaldas alisimama na funguo mkononi. Aliyafikiria marobota ya pamba, akayafikiria magonjwa yaandamanayo na mafuriko, akafikiri kuwa mwenye njaa huingia mgeni akatoka mwizi. Akageuka, akaenda kihekaluni upesi upesi, akawasha taa, akaanza kuomba. Mama, tulinde. Mama, uzuie ubaya usiingie. Aliomba kwa sauti kubwa ili asisikie bati likipigwa, nalo bati likazidi kupigwa.

Kankuben aliingia akiwa amelowa. Hakuketi. Aliinama, akakivuta kile kitambaa chekundu, na mamba akaonekana, kinywa wazi, na mguu wa Mama juu ya mgongo wake.

"Vithal," alisema, "Mama hakumpanda mamba ili akae ndani."

Vithaldas aliitazama sanamu kama aliyeletewa siku ileile. Siku zote alikuwa amemwomba Mama amwondolee mamba njiani. Hakuwa amejiuliza Mama mwenyewe alikuwa akienda wapi.

Alikimbia. Ufunguo ulimponyoka matopeni, akauchimbua kwa kucha, akafungua. Watu wakamiminika ndani wakampita huku na huku, hakuna aliyemtazama. Wa mwisho alikuwa Nyanzobe, mikono mitupu. Alisema yeye na mama yake walikuwa wamefika kilimani mapema. Bibi huyo alichoka kungoja langoni, akaketi chini kidogo penye kichuguu apumzike, na maji yakampitia hapo. Masalu alikuwa nyuma yao na mtoto, maji yakawakatia njia, na sasa walikuwa bado bondeni, juu ya paa.

Vithaldas alikimbilia ghalani. Alichukua kamba ya kufungia marobota, akaifunga kiunoni, ncha yake akawapa wanaume waliokuwa karibu. Wakamshangaa, kwa kuwa kila mtu alijua jinsi alivyouogopa ule mto. Aliingia majini, na kila gogo lililopita lilikuwa mamba machoni pake. Pengine moja lilikuwa mamba kweli. Maji yalimfika kifuani, yakamfika kidevuni. Hofu haikumtoka. Ilikwenda naye, chini yake, na juu yake yeye alikwenda.

Alimkuta Masalu amekumbatia kenchi ya paa, mtoto mgongoni. Wanaume wakavuta kamba, wakawatoa wote watatu.

Maji yalipopungua, pamba ya chini ilikuwa imeoza na ukuta wa upande wa mto ulikuwa umelala. Mama yake Nyanzobe aliokotwa mbali, penye matete. Vithaldas alikwenda mazikoni, akasimama mwisho wa watu. Aliwaza kwamba mtu fulani atasema: lango lingefunguliwa mapema, huyu angekuwa hai. Hakuna aliyesema. Nyanzobe alimpa mkono kama alivyowapa wengine, naye akarudi nyumbani akiwa na maneno yale ambayo hakuambiwa, akakaa nayo maisha yake yote.

Ukuta ulioanguka hakuujenga tena. Alijenga ngazi pana za mawe kutoka bondeni hadi uwanjani, na kila mara mawingu yalipoanza kuwa mazito juu ya ziwa alishuka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiwabeba wazee. Msidhani alipata kuwa shujaa. Watu waliotembea naye wanasema alikuwa na pumzi za mtu afukuzwaye, na macho yake hayakubanduka majini. Hata alipozeeka aliogopa vilevile.

Nanyi mnaowasha taa, au mnaopiga magoti, au mnaoinua mikono, kila mtu kwa dini yake, mkisema tulinde, tulinde: mnaomba mlindwe ili mwende wapi?