Mlango Usio na Nyumba

Hodi ya ngano!

— Karibu, mlango uko wazi!

Niingie na ukweli?

— Hata na uongo, ingia!

Nikae wapi?

— Kaa kati, tukusikie!

Haya, nimekaa. Wewe unayemenya karanga huko nyuma, menya polepole, sitaki kushindana na maganda.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na mtu na mkewe. Mume aliitwa Mihayo. Mke aliitwa Nyamizi. Walikuwa na kibanda cha chumba kimoja, ghala la mtama na mbuzi wachache. Mihayo alikuwa mchapakazi, hana ulevi, hana ugomvi. Ubaya wake ulikuwa gulioni. Akitumwa gulioni, alichotumwa hakiji.

Siku moja Nyamizi akamwambia, "Mume wangu, jembe limekatika. Beba mtama ukabadilishe na jembe."

Mihayo akaenda. Jioni akarudi na mtungi. Nyamizi akauchungulia mdomoni, akaona vidole vya miguu yake mwenyewe. Mtungi hauna kitako!

"Wa nini huu?"

"Siku yake itakuja," akasema Mihayo, akauweka nyuma ya nyumba.

Gulio jingine likafika. Nyamizi akasema, "Chumvi imekwisha. Beba asali ukalete chumvi."

Mihayo akaenda. Jioni akarudi, ngele! ngele! ngele! Kengele ya ng'ombe. Na ng'ombe hawana, hata ndama wa dawa.

"Ya nini hii?"

"Siku yake itakuja," akasema Mihayo, akaitundika ukutani. Mboga ya siku ile waliila bila chumvi.

Gulio jingine likafika. Safari hii Nyamizi alimshika mkono. Nguo yake ilikuwa imechakaa mpaka akawa anaona haya kwenda kisimani mchana, wenzake wakimwona. Akamkabidhi mbuzi, yule mnono kuliko wote. "Mihayo, sitaki jembe, sitaki chumvi. Niletee kaniki nijifunge. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Kaniki."

Mihayo akaenda. Jua likashuka. Nyamizi akasimama uani, shingo ndefu. Mara akaona kitu kinakuja njiani, kipana, cheusi, kinayumba. Kilipokaribia akaona miguu chini yake. Ilikuwa miguu ya mumewe. Kichwani amejitwika mlango!

Mlango wa mbao, jamani, mzito, mpana. Tena hata nyumbani kwao hauingii mahali pake. Ukitaka kuuweka kwenye kile kibanda, ubomoe ukuta wote wa mbele.

"Wa nini huu?" Sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

"Siku yake..."

"Nyamaza!" Nyamizi akakaa chini, akalia. "Mihayo, nakupenda. Lakini mlango siuvai."

Mihayo akauegemeza mlango ukutani, chini ya paa, akaenda kufunga mbuzi waliobaki.

Maneno yana miguu gani, sijui. Kesho yake yalishavuka mto na kufika kwa mama yake Nyamizi. Huyo aliitwa Bibi Kalunde, na mdomo wake ulikuwa unaogopwa vijiji viwili. "Mwanangu anatembea uchi, mumewe ananunua milango? Naenda kumchukua! Akaolewe na mtu anayejua kutumwa."

Sasa ninyi wa siku hizi, mnaokula sinia moja na wakwe zenu, nisikilizeni. Huko kwao mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Kulala chumba kimoja? Mwiko! Hata kuambiana "hujambo" walikuwa wanatumia mtu wa katikati. Miaka yote ile Bibi Kalunde alikuwa hajapata kusikia sauti ya Mihayo.

Basi Bibi Kalunde akafika. Mihayo alipomwona kwa mbali, akakimbilia nyuma ya ghala. Bibi akaingia ndani. "Funga mzigo, mwanangu. Tunaondoka."

Nyamizi akafunga mzigo. Anafunga, anafungua. Anafunga, anafungua. Moyo unataka nguo, moyo unamtaka Mihayo.

Wakati anafunga mara ya tatu, mvua ikashuka. Si mvua ya kujikinga kwa ungo! Ilikuja na mawe ya barafu, na upepo, na radi. Mto ukajaa ukafunga njia. Ghala likaezuliwa paa. Na Mihayo yuko nyuma yake, ameshika nguzo, meno yanagongana.

Nyamizi akachungulia. "Mama, mume wangu anakufa huko nje."

"Na akiingia, nitauweka wapi uso wangu?" Bibi Kalunde akasimama, akajitanda. "Nitatoka mimi, yeye aingie."

"Mto umejaa! Ukitoka utachukuliwa na maji!"

"Basi nifanyeje? Nimwangalie mkwe wangu machoni? Bora maji."

Mama akaenda mlangoni. Binti akamshika nguo. Mama anavuta, binti anavuta. Hapo Nyamizi akauona ule mlango umeegemea ukutani, umelowa, umetulia.

"Mihayo!" akapiga kelele. "Ingia na mlango! Jifiche nyuma yake!"

Ungeliona jambo lile ungecheka mpaka ukae chini. Bibi Kalunde kageukia pembeni, kanga usoni. Mlango ukaingia ubavuubavu, wenyewe, na miguu miwili chini yake inatetemeka. Wakausimamisha katikati ya chumba, huku umebanwa na nguzo, huku umebanwa na kinu. Upande huu Bibi Kalunde. Upande ule Mihayo na moto. Kibanda cha chumba kimoja kikawa na vyumba viwili!

"Na nikitaka kutoka?" akauliza Bibi Kalunde.

Nyamizi akaangalia ukutani. Akaitwaa kengele, akaitundika kwenye kona ya mlango. Mtu akitaka kupita anapiga, ngele! Mwenzake anafunika uso. Bibi akapiga. Mihayo akafunika uso. Mihayo akapiga. Bibi akafunika uso. Wakawa wanapishana hivyo, na hakuna aliyevunja mwiko.

Mvua haikukoma. Kisima kikafunikwa na tope. Nyamizi akachota, maji yakaja mekundu, hata uji hayapikiki. Basi Mihayo akapiga kengele, akatoka, akauchukua ule mtungi usio na kitako. Akaudidimiza kwenye mchanga kando ya kijito, mdomo juu. Maji yakachujika mchangani, yakapanda ndani ya mtungi taratibu, safi kabisa. Bibi Kalunde akayanywa. Akatikisa kata, akaomba tena.

Jioni moja wamekaa hivyo, Nyamizi yuko motoni anapika, mvua inapiga. Halafu, ngele!

"Mkwe," akasema Bibi Kalunde. Mihayo akaruka. "Usiogope, uso wako siuoni. Nataka kukuuliza, na mlango ndio mtu wetu wa katikati. Ulitumwa nguo. Kwa nini ulinunua mlango?"

Mihayo akasogea karibu na mlango. Kisha akasema, "Mama, gulioni nilimkuta mama mmoja mtu mzima. Nyumba yake imeungua, amebaki na mlango tu. Ameusimamisha, ameushika kwa mikono miwili. Watu wanapita wanamcheka, wanabisha hodi. Jua linashuka, na yeye alihitaji chakula. Nikampa mbuzi. Sikuweza kumpita, mama."

"Na mtungi?"

"Mfinyanzi alikuwa binti mdogo. Ulimpasukia tanuruni, ndio wake wa kwanza."

"Na kengele?"

"Mwenyewe ng'ombe wake wamekufa wote. Alikuwa hataki tena kuisikia."

Upande wa pili Bibi Kalunde alikuwa anajifuta macho kwa pindo la nguo, na hakutaka mtu ajue. Kisha akakohoa.

"Mwanangu nakuachia. Lakini, mkwe, umenisikia vizuri? Huruma yako usiitoe kwenye mgongo wa mwanangu. Wewe ulimhurumia yule mama, Nyamizi ndiye akakaa bila nguo."

Maneno yalimwingia. "Nimekosa, mama."

"Nguo itakuja lini? Na usiniambie siku yake itakuja!"

"Gulio lijalo, mama."

Mvua ikakatika, Bibi akaenda zake peke yake. Gulio likafika, Mihayo akaenda na mbuzi. Jioni akarudi na kaniki mpya, bado inanukia upya. Nyamizi akaukung'uta mfuko wa mumewe mara mbili kuona kama kuna kingine. Hamna. Akajifunga, akaenda kisimani mchana kweupe, akapita njia ndefu makusudi.

Ule mlango ukabaki palepale katikati ya chumba.

Hata baada ya mavuno, Nyamizi yuko uani anapepeta. Akamwona mama yake anatokea njia ya gulioni, kabeba kitu kwapani. Kigoda! Akakitazama vizuri. Kigoda cha miguu miwili.

"Mama! Cha nini hicho?"

"Muuzaji alikuwa mzee, hana mnunuzi," akasema Bibi Kalunde. "Niache nipite."

Akaingia ndani, moja kwa moja. Akakiegemeza kigoda kwenye mlango, upande wake. Kikasimama imara. Akakaa, akajinyoosha mgongo, akanyoosha mkono juu, ngele! ngele! ngele!

"Mkwe! Upo?"

"Nipo, mama."

"Haya, nipe habari za gulio."

Nami nimefika mwisho, natoka.

— Unatoka na nini?

Natoka mikono mitupu, ngano nawaachia ninyi.

— Basi rudishia mlango, baridi inaingia!