Bibi Nyamvula na Fundo la Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Sauti hiyo ni ya watu walioshiba au ya watu wanaosubiri kushiba? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Mwenye mtoto mapajani amshike vizuri. Mwenye usingizi aegemee ukuta. Na mwenye cheo akivue, akiache hapo mlangoni pamoja na viatu, atakikuta akitoka.

Hapo kale, kale ya mbali, kabla karatasi haijafika, ingawa makarani walikuwa wamekwisha kufika, palikuwa na kijiji. Kijiji kilikuwa na kisima, kilikuwa na minazi, kilikuwa na kuku wasiosikia la mtu. Na kilikuwa na desturi moja. Barazani, mzee aliyesema wa mwisho ndiye aliyeshinda. Si aliyesema la maana. Aliyesema wa mwisho. Basi kila mzee akaogopa kunyamaza, na mabaraza ya kijiji hicho yakawa marefu kuliko masika.

Mwaka huo mchwa wakala lango la kijiji. Wakala, wakala, lango likaanguka: puu! Jumbe Mwatela akawaita wazee saba waamue lango jipya litazame mashariki au magharibi. Siku ya kwanza wakasema. Siku ya pili wakasema. Siku ya tatu sauti zikakauka, wakaletewa madafu, wakasema. Mbuzi waliingia na kutoka watakavyo; wao hawakuona upungufu wowote.

Siku ya nane kichwa kikamgonga Jumbe. Akatafuta wa kulaumu. Wazee saba hawezi kuwakemea, ni wazee. Akatazama huku, akatazama kule, akasikia mtoto analia nyumba ya jirani.

"Ahaa!" akasema Jumbe. "Kumbe hawa ndio wanaotuchelewesha!"

Sheria ikatoka saa ile ile. Nyumba itakayosikika kelele ya mtoto mara tatu, baraza likiwa limekaa, itabomolewa na wenyewe watahamia ng'ambo ya kijito. Kuhusu kelele za wazee haikutungwa sheria, kwa kuwa watungaji walikuwa katikati ya kuzipiga.

Ng'ambo ya kijito mnapajua? Maji ya magadi. Nyasi kifuani. Fisi wanaokuja kucheka mchana, hawasubiri hata jua lizame.

Kazi ya kuhesabu kelele akapewa Ngowa, karani wa Jumbe. Alifunga kiunoni kamba za nyumba zote, kila nyumba kamba yake. Kelele moja, fundo moja. Akitembea kamba zinapepea, fya fya fya, na watu wanaziba watoto midomo. Ngowa aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda wali wa nazi.

Na ile nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na baraza, ilikuwa ya Mbeyu.

Mbeyu alikuwa mama kijana. Mumewe amefuata chumvi, mwezi wa pili huu hajarudi. Alikuwa na watoto watatu. Kadzo, msichana wa miaka mitano, umri wa maswali. Chengo, mvulana wa miaka mitatu, umri wa kukataa. Na Dama mchanga, anayeota meno.

Siku ya tisa Dama akalia. Ngaa! Ngaa! Fundo.

Siku ya kumi Chengo akaona uji. "Sitaki! Sitaki uji! Sitakiii!" Fundo.

Ngowa akasimama mlangoni. "Mama Kadzo, limebaki moja. Ningekushauri uanze kufunga mizigo, kazi isije ikatulundikia sote siku moja."

"Karani, mtoto anaota meno. Nimfanyeje?"

"Hilo si la ofisi yangu. Langu ni fundo."

Akaondoka, fya fya fya. Mbeyu akatazama ukuta wa nyumba yake. Aliukandika mwenyewe, akiwa na mimba ya Dama, mumewe akimpa udongo na yeye akipaka. Alama za vidole vyake zilikuwa bado zipo, safu kwa safu. Leo wausukume kwa magogo? Akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akampachika Dama kiunoni, akaenda kwa Bibi Nyamvula.

Bibi Nyamvula alilea watoto kumi na mmoja. Tisa wa kuzaa, wawili aliowaokota njaa ilipopita. Barazani hakuitwa, maana wanawake hawakuitwa. Hakulalamika. Alisema yeye amekwisha kulea watu wanaopiga kelele na kujikojolea, hana hamu ya kuanza tena.

"Bibi, mimi nimekwisha," akasema Mbeyu.

"Umekwisha wapi? Nakuona mzima, na mwingine kiunoni."

Mbeyu akaeleza. Fundo la kwanza, fundo la pili, ng'ambo ya kijito. Bibi Nyamvula akasikiliza huku akimkuna Dama ufizi kwa kidole.

"Ndani mwako mna nini?"

"Hamna kitu, bibi. Mwenyewe hajarudi."

"Kesho mapema twende nikauone huo utupu."

Wakaenda. Asubuhi ya siku ya kumi na moja, wazee wakiwa tayari wanakohoa barazani, Bibi Nyamvula akaingia jikoni kwa Mbeyu. Akainama. Akachungulia mvunguni. Akatoka na vifuu vya nazi, makumbi, vipande vya ukili wa mikeka, na kibofu cha mbuzi kilichokaukia ukutani.

"Hiki ndicho hamna kitu?"

"Hizo ni takataka, bibi."

"Mimi nimelea kumi na mmoja kwa takataka. Nipe kisu."

Akashika kifuu kimoja, akakikwangua kwa kigae, kwaru kwaru, mpaka kikalainika. Kisha kwa ncha ya kisu akachora samaki ndani, chini kabisa. Akamimina uji. Akamwita Chengo, akanong'ona.

"Mjukuu wangu, humu kuna samaki amezama. Usimwambie mtu."

Chengo akachungulia. "Yuko wapi?"

"Chini. Uji umemfunika."

Chengo akanywa. Gu, gu, gu. "Nimeona mkia!" Gu, gu, gu. "Nimeona jicho!" Akashusha kifuu, uji umekwisha, samaki anamtazama. Chengo akawaza kidogo.

"Bibi," akasema, "mzamishe tena."

Fundo halikufungwa.

Akaja Kadzo. "Bibi, kwa nini kuku hana masikio? Kwa nini Jumbe ana tumbo? Lina mtoto?"

"Shh! Ngoja." Bibi Nyamvula akatoboa vifuu viwili, akavivisha vipande vya kibofu vikakaza kama ngoma, akasokota uzi mrefu wa makumbi kutoka kimoja hadi kingine. Akampa Kadzo kimoja, akamsimamisha chumba cha ndani, akauvuta uzi ukanyooka. "Uliza humo. Lakini sauti kubwa inakatika njiani. Ya kunong'ona ndiyo inafika."

Si kweli sana. Lakini mnaolea mnajua kuna uongo wa kazi.

Maswali yakapita kwenye uzi, moja baada ya moja, kimya kimya. Fundo halikufungwa.

Akabaki Dama. Bibi akasuka ukili ukawa pete nene, akaichovya mtungini ikapoa, Dama akaitafuna. Alipoichoka, bibi akachukua uji mzito wa muhogo, ule unaonata, akampaka kwenye vidole. Akatoa unyoya mmoja katika kapu la manyoya ya kuku pale jikoni, akamshikisha.

"Usimwondolee macho, asiutie kinywani," akamwambia Mbeyu.

Unyoya ukanata mkono wa kulia. Dama akauvuta kwa kushoto, ukanata kushoto. Akauvuta kwa kulia, ukanata kulia. Kulia, kushoto. Kushoto, kulia. Uso umekunjamana kama wa mtu anayeamua kesi. Na sauti? Hata chembe.

Nyumba ikawa kimya tii. Mbeyu akaketi chini. Hakuwa ameketi tangu juzi.

Sasa kimya kikamwasha Ngowa karani. Kelele alizizoea, kimya hakikuwa na kamba. Akaja mbio, fya fya fya.

"Watoto wako wapi? Mmewahamisha bila kunitaarifu?"

"Wapo, karani," akasema Mbeyu. "Ingia uwaone."

Ngowa akaingia. Akamwona Chengo na kifuu. Akamwona Kadzo na uzi. Akamwona Dama, kimya, akashuku. Akachuchumaa, akamshika mkono kuhakikisha ni mtoto wa kweli. Alipouondoa mkono wake, unyoya ukaja nao.

Akauvuta kwa kushoto, ukanata kushoto. Akauvuta kwa kulia, ukanata kulia. Kulia, kushoto. Kushoto, kulia.

"Ondoka, wewe," Ngowa akauambia unyoya.

Uzi ukatikisika. "Bibi," Kadzo akanong'ona kutoka chumbani, "kwa nini karani anacheza?"

Mbeyu akauma nguo yake. Chengo, kinywa kimejaa uji, akafanya prrrr! Lakini Dama, alipomwona mtu mzima mwenye ndevu amechukua kazi yake na anaifanya vibaya, hakujizuia. Akacheka. Akacheka kicheko cha tumboni, kwe-kwe-kwe-kweee, kikapenya ukuta, kikatua barazani katikati ya wazee saba.

Baraza likanyamaza. Mara ya kwanza tangu lianze.

"Fundo la tatu!" akasema Ngowa, akasimama. Akaishika kamba ya Mbeyu. Kamba ikanata. Akavuta, unyoya ukanata kwenye kamba, kamba kwenye kidole, kidole kwenye ndevu. Lakini karani ni karani. Akaendelea kulitafuta fundo.

Jumbe Mwatela akatokea mlangoni. "Nani amelia?"

"Amecheka, Jumbe. Sheria inasema kelele. Haikusema ya aina gani," akasema Ngowa.

Mbeyu akainuka. "Jumbe, shikamoo. Kelele ni ya mwanangu, sikatai. Ila ukuta huu nimeukandika kwa mikono hii. Nakuomba."

Jumbe akautazama ukuta, akaziona alama za vidole. Akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa barazani siku kumi na moja. "Sheria nimeitoa mbele ya watu, mama. Nikiirudisha bure, kesho nani atanisikiliza?"

"Na leo anakusikiliza nani?" akauliza Bibi Nyamvula kutoka jikoni, bila kugeuka.

Jumbe akatazama upande wa baraza.

"Lango limeamuliwa?"

"Bado, bibi."

"Nikikumalizia baraza kabla jua halijafika utosini?"

"Wanawake hawasemi barazani, bibi, unajua."

"Nani kakwambia nitasema?"

Jumbe akafikiri. Kichwa kikamgonga: ngo, ngo, ngo. "Ukilimaliza," akasema, "kamba hii nitaifungua mwenyewe, na sheria naifuta. Usipolimaliza, nyumba inahama leo."

Mbeyu akamtazama bibi. Bibi akaokota sufuria ya muhogo. "Nishikie hilo kapu la manyoya," akasema, "na usicheke."

Wakaenda. Wazee walikuwa wameshika kasi tena, wote saba kwa pamoja, mashariki, magharibi, mashariki, magharibi. Bibi Nyamvula akaingia, akapiga goti kwa adabu, akanyoosha mwiko. Na katika kijiji hicho hakuna mzee aliyekataa kitu anachopakuliwa. Mikono saba ikatoka, wenyewe wakiendelea kusema. Wakidhani ni haluwa.

Mkono, muhogo, unyoya. Mkono, muhogo, unyoya. Mbeyu akimfuata nyuma na kapu.

Mzee wa kwanza akasema, "Magharibi ndiko mababu walikoto..." Akatazama mkono. Akauvuta unyoya. Kulia, kushoto.

Mzee wa pili akasema, "Nami najibu kwamba..." Kushoto, kulia.

Mzee wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Wa saba alikuwa mbishi. Alishika unyoya kwa meno, na hilo nalo likamnyamazisha.

Baraza likawa tii. Wazee saba, nyuso zimekunjamana, kila mmoja na kesi yake mkononi.

Jumbe akabaki amesimama, mikono mikavu. Siku kumi na moja hakuwa amemaliza sentensi. Bibi Nyamvula akamwonyesha kwa kidevu: haya.

"Lango," Jumbe akasema, akajishtukia mwenyewe kwa jinsi sauti yake ilivyosikika. "Lango litazame kisimani. Ndiko watu wanakopita."

Akangoja. Hakuna aliyesema. Alikuwa amesema wa mwisho.

Muda si mrefu mzee mmoja akainua kichwa. "Limeamuliwa wapi?"

"Kisimani."

"Mm. Ndilo nililokuwa nataka kusema mimi," akasema, akarudi kwenye unyoya wake.

Jumbe akachukua kamba ya Mbeyu mbele ya watu wote, akafungua fundo la kwanza, akafungua fundo la pili. Ngowa akasogea, ndevu zimeshikana.

"Jumbe, na la tatu? Sikuwahi kulifunga. Nalo tulifungue, au nilifunge kwanza?"

"Ngowa," akasema Jumbe, "nenda kanawe."

Mbeyu alirudi nyumbani, akaweka kiganja chake ukutani juu ya alama za vidole, akakiacha hapo kitambo. Halafu alicheka, kicheko alichokizuia tangu asubuhi, mpaka watoto wakamwona kama ni yeye mtoto.

Kesho yake jirani akamwita: mwanawe hataki kuoga, amepanda juu ya ghala. Bibi Nyamvula hayupo, amekwenda shamba. Mbeyu akashika kichwa. Kisha akaokota kifuu, akakitoboa tundu ndogo ndogo chini, akakijaza maji, akakiinua juu.

"Mvua!" akasema. "Inanyesha hapa tu, pengine popote hainyeshi!"

Mtoto akashuka. Akaoga mara tatu.

Bibi Nyamvula alipoelezwa jioni, alikigeuza kile kifuu mikononi, akahesabu tundu.

"Hii mimi sikuifikiria," akasema. "Nitobolee na mimi kimoja."

Basi, wenzangu, funzo ni hili: mtoto hanyamazi kwa amri, hunyamaza akipata la kufanya. Na mtu mzima ni vivyo hivyo, ila yeye humchukua siku kumi na moja.

Ngano yangu imekomea hapo. Wa kulala alale, na cheo chako usikisahau mlangoni.