Nani Aliumbwa wa Kwanza?

Hapo zamani za kale, na ni kale kweli, msinikatize kuniuliza mwaka, jua liliwaka mpaka mito yote ikakauka. Ikabaki chemchemi moja tu.

Tembo na Kiboko wakaziba njia ya kwendea maji. Wakasema, aliyeumbwa wa kwanza ndiye mwenye chemchemi, na mpaka ajulikane, hanywi mtu.

"Muumba alifinyanga udongo," Tembo akanguruma, "akaanza na sisi, udongo ungali tele! Hunioni nilivyo?"

"Hoo! Hapo mwanzo yalikuwa maji matupu, bwana," akajibu Kiboko. "Na majini aliishi nani? Babu yangu!"

Basi wakabishana kutwa, makoo yamewakauka, wajinga wale.

Kule majabalini aliishi Mama Pimbi, mdogo kuliko sikio la Tembo. Kitinda mimba wake hakuwa na nguvu hata ya kulia. Uchungu wa mwana ukamshika mama wa watu. Akachukua mtungi, akawaita wanawe, wakaenda chapuchapu hadi chemchemini.

"Hodi, wazee wangu!"

"Na wewe uliumbwa lini?" Tembo akafoka.

"Kwetu twaambiwa tulitoka mwambani, ukapasuka, pwaa! Lakini tulichelewa, babu. Sisi ni wageni tu, tumekuja kumwamkia mwenyeji. Ni nani?"

"Mimi!" akasema Tembo.

"Mimi!" akasema Kiboko.

"Vyema. Basi mwenyeji atukaribishe maji. Yeye atakunywa mwisho, wageni wote wa nchi hii wakishatosheka. Au kwenu mwenyeji hutangulia kunywa?"

Nani angekubali kuambiwa kwao hawajui kupokea wageni?

Tembo akakohoa. "Nikikumbuka vizuri... maji yalitangulia. Mwenyeji ni Kiboko."

"Aka! Mimi tena? Udongo ndio uliotangulia, mzee mwenzangu. Mimi mgeni!"

"Na mimi mgeni!"

"Kumbe sote wageni!" Mama Pimbi akashangilia. "Basi mwenyeji ni yeye aliyetuumba, naye hana kiu. Wageni, karibuni!"

Chubwi! Mtungi ukazama. Watoto wakanywa, gudugudu, na yule mdogo akafumbua macho akaomba tena. Tembo akaona haya, kisha akacheka mwenyewe, akatia mkonga majini kando ya Kiboko.

"Hebu, Mama Pimbi," Kiboko akauliza, midomo ikichuruzika maji, "huo mwamba ulipasukaje?"

Ndiyo hivyo, wanangu: hadithi ya mwanzo kila ukoo una yake, lakini maji ni ya wote wenye kiu.