Pimbi, Nyani na Dishi Jekundu

Nitoe nisitoe?
— Toa!
Masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili!

Basi, paliondokea Pimbi mdogo, mnyama wa mawe, akiishi na mama yake. Baba alibebwa na tai, na tangu siku hiyo Mama Pimbi hali, hanywi. Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: kucheka. Kwa hiyo kila jioni Pimbi alipanda jabali kubwa, maana mtandao ulishika kule juu tu, akanasa vichekesho kwenye simu, akashuka navyo. Mbuzi kapakiwa kwenye bodaboda, kavaa helmeti! Mama akacheka, tonge likaingia. Akacheka tena, tonge likaingia. Majirani nao wakaja na vya kwao, uwanja ukachangamka.

Siku moja akaja Nyani, kifua kama mlango, akaketi juu ya jabali, pu!

Akapanda Nungunungu na simu, Nyani akaipokonya. Akapanda Kanga na simu, Nyani akaipokonya. Akapanda Pimbi na simu, Nyani akaipokonya.

“Vichekesho vyote vyangu!” akanguruma. “Nikiwagawia mtavimaliza.”

Akawa anatazama peke yake, anacheka peke yake: bwa! bwa! bwahaa! Huku chini, kimya. Sahani ya Mama Pimbi ikarudi kama ilivyokwenda. Kesho yake ikarudi vilevile. Pimbi akaziona mbavu za mama yake zimetokeza, moyo ukamuuma. Akapanda mikono mitupu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Simu sitoi.”

“Sikuja kuomba, mzee, nimekuonea huruma. Unahangaika na vichekesho vyembamba hivyo, na dishi unalo?”

“Dishi gani?”

“Hilo ulilolikalia. Jekundu, la duara, linang'aa! Ukiligeuzia bondeni vitaingia vichekesho vinene, ambavyo hajaviona mtu.”

Nyani akajipapasa nyuma. Papasa, papasa. Tamaa ikampanda. Akageuka, akainama.

“Juu kidogo, mzee.”

Akainua.

“Kushoto kidogo.”

Akasogeza.

“Hapo hapo! Sasa fumba macho, mawimbi yasikatike. Na simu, mzee, hazikai kwa mwenye dishi. Zinakaa kwa mpokeaji.”

Nyani akazisukuma zote nyuma. Pimbi akapiga picha, kacha! Akazikumbatia simu, akateremka, tipu tipu tipu.

Mama Pimbi akaitazama ile picha. Akaitazama tena. Mdomo ukamtetemeka. “Kwi!” Kisha, “Kwi kwi kwi!” Akacheka mpaka machozi, akaomba chakula, akala, akaongeza. Pimbi akageukia pembeni kujifuta macho. Nungunungu alicheka hadi miiba ikamdondoka.

Vicheko vikamfikia Nyani kule juu, kiuno kinamuuma. Akashuka.

“Vimeingia?”

“Kimeingia kimoja, mzee,” Pimbi akajibu.

“Lete.”

Na ni nani aliyewahi kujiona kwa nyuma? Nyani akatazama, akaanguka chini, gaa! “Bwahaa! Nani huyu asiye na haya? Ngoja niwatumie shemeji zangu ng'ambo ya mto!”

Akakwea jabali mbio, akatuma. Muda si muda, ti! Jibu likaingia. Akashuka polepole.

“Wanasemaje, mzee?” Pimbi akauliza.

Nyani akajikuna. “Wanasema... ‘Shemeji, umenenepa.’”

Pimbi akaanza kurudi nyuma, atimue mbio. Lakini Mama Pimbi akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi kando yake.

“Njoo ukae, mwanangu. Chakula bado kipo.”

Nyani akaja. Akakaa upande upande, maana dishi lilikuwa limeungua jua. Halafu akaichungulia tena ile picha, na kicheko kikamtoka, safari hii kidogo, cha aibu. Wakacheka naye.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu. Mwenye nguvu aibebe mpaka kwao. Na funzo, watoto? Ukipata kichekesho, jifungie ndani, ukicheke peke yako. Usimtumie mtu yeyote. Hasa shemeji.